Picha Hii ni ya Nani? Somo kwa Vijana Tunaotumiana Picha Mtandaoni



Somo la wiki hii linaweza kuonekana ni la fundi simu kuliko la frateri. Tunaongelea picha kubwa, yaani zile faili nzito ambazo baada ya kila Kipaimara, ndoa, hija au kongamano zinaanza kuombwa kwenye grupu. "Frateri, naomba zile picha." "Mbona zimekuja na ukungu?" "Bando limekata, tuma chache." "Nani kamrusha mtoto wangu status bila kuniambia?" Hapa Kinyerezi maneno haya yanasikika kila baada ya sherehe, na naamini wa Mbagala, Mbezi na hata Mwanza mnayafahamu vizuri.

Watu wengi wanaona hili ni suala la simu tu. Mimi nawaalika tulione kama suala la imani pia, maana ndani yake kuna ukweli, kuna haki na kuna upendo wa jirani. Tutaenda hatua kwa hatua: kwanza Kanisa linatufundisha nini kuhusu picha, pili picha inaharibikaje njiani, na tatu tufanyeje kivitendo. Mwisho kuna maswali ya kutafakari, mtu binafsi au kwenye kikundi chenu cha VIWAWA au TYCS.

1. Picha hii ni ya nani?

Fungua Injili ya Mathayo 22:15-22. Mafarisayo wanamtega Yesu kuhusu kodi ya Kaisari. Yesu anaomba aoneshwe sarafu, halafu anawauliza sura iliyopo pale ni ya nani. Ni swali fupi sana, lakini limewafunga midomo. Kilichobeba sura ya Kaisari arudishiwe Kaisari. Sasa binadamu je? Kitabu cha Mwanzo 1:26-27 kinatuambia kwamba mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Kwa hiyo kila uso unaokaa kwenye simu yako, hata wa yule jamaa anayekukera kwaya, umebeba alama ya Mwenyewe.

Tukiulizwa picha ni ya nani, wengi wetu tunajibu haraka: "Ya kwangu, nimepiga mimi." Ni kweli, kazi ni yako na simu ni yako. Lakini uso ni wake. Hapo ndipo tunapoanza kufikiri vizuri.

Kanisa limeshawahi kuumia sana kwa ajili ya swali la picha. Katika karne ya nane, wafalme wa Konstantinopoli waliamuru picha takatifu ziondolewe na kuvunjwa. Mtakatifu Yohane wa Damasko aliandika kuzitetea, na mwaka 787 Mtaguso wa Pili wa Nisea ukatoa mafundisho ambayo tunayashika mpaka leo: heshima anayoitoa Mkristo mbele ya picha takatifu haiishii kwenye ubao na rangi, inamfikia yule aliyechorwa.

Sisemi kwamba selfi yako ni ikona. Tofauti ipo, na ni kubwa. Ninachosema ni kwamba mababa wale walitambua jambo ambalo hata moyo wako unalijua. Ukimwona mtu anakanyaga picha ya mama yako, hutasema "aah, ni karatasi tu". Utaumia, kwa sababu unachotendea picha ya mtu kwa namna fulani unamtendea mwenyewe.

Mtakatifu Thomas wa Akwino anafundisha kwamba haki ni nia thabiti ya kumpa kila mmoja kilicho chake. Tukishika fundisho hilo, naona madeni matatu kila tunapotuma picha. Tunadaiwa uaminifu kwa picha yenyewe, ifike kama ilivyo. Tunadaiwa heshima kwa aliyemo ndani, asirushwe hovyo. Na tunadaiwa upendo kwa anayepokea, tusimmalizie bando na nafasi ya simu. Tuyaangalie moja moja.

2. Deni la kwanza: picha ifike ilivyo

Hapa Kinyerezi kuna mitambo ya kufua umeme kwa gesi asilia. Gesi nyingine inatoka mbali, Mtwara. Inasafishwa kwanza Madimba, halafu inasafiri kwenye bomba zaidi ya kilomita 500 mpaka ifike hapa. Kinachofika kinategemea bomba lilivyo. Picha nayo inasafiri kwenye bomba, na mabomba ya mtandaoni hayalingani.

Chukua picha ya simu ya kawaida yenye pikseli 4,000 kwa 3,000. Zidisha, unapata nukta milioni 12. Kila nukta ikihitaji baiti 3 za rangi (nyekundu, kijani na bluu), picha moja ingekuwa na MB 36. Ila ukiangalia kwenye simu unakuta ina MB 3 mpaka 5 hivi. Zilizobaki zimeenda wapi?

Zimebanwa. Njia ya kubana inayotumika zaidi inaitwa JPEG, na ilikubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 1992. Msingi wake ni hesabu iliyochapishwa mwaka 1974 na Nasir Ahmed, mhandisi mzaliwa wa India aliyefanya kazi Marekani, pamoja na wenzake wawili. Picha inakatwa vipande vidogo vya nukta 8 kwa 8, halafu vile vitu ambavyo jicho halivitambui kirahisi vinapunguzwa. Jicho letu ni kali kwenye mwanga na giza, lakini ni pole kwenye mabadiliko madogo ya rangi. Kwa hiyo rangi ndiyo inapunguzwa zaidi. Ni akili nzuri sana, na bila hiyo tusingetumiana picha kwa bei tunayolipa.

Tatizo linaanza pale picha inapobanwa tena na tena. Ukiituma WhatsApp kwa njia ya kawaida, programu inaipunguza ili iende haraka. Mara nyingi upande mrefu unabaki na pikseli kama 1,600. Hebu tupige hesabu: 1,600 kwa 1,200 ni nukta milioni 1.92. Umeanza na milioni 12, umebaki na chini ya moja ya sita. Kwenye kioo cha simu hutaona tofauti. Halafu mtu mwingine anaipiga skrinishoti, anaikata, anaiwekea maua na maandishi, anaituma tena. Kila anayeihifadhi upya anaichuja upya. Kilichochujwa hakirudi, hata ukitumia programu ya kung'arisha. Programu itabuni tu, na uso utakaoupata unaweza usiwe uso wa yule mtu.

Kuna atakayesema: "Frateri, mbona unakuza mambo? Si picha tu?" Ndugu yangu, nenda msibani ukaangalie. Familia inahitaji picha ya marehemu ya kuweka mbele ya jeneza. Mtu anatumwa steshenari na simu mkononi. Ili picha itoke safi, wachapaji wanapenda nukta 300 kwa kila inchi. Karatasi ya A4 ina urefu wa inchi 11.7, kwa hiyo inataka pikseli kama 3,500. Picha halisi ya simu inatosha kabisa. Ile ya 1,600 inatoa nukta 137 tu kwa inchi, na ikiwa imeshakatwa na kurushwa mara tatu, inatoka vibox vibox. Bibi anaaga mume wake wa miaka 50 akiwa anatazama uso ambao hauonekani vizuri. Na mara nyingi picha nzuri ilikuwepo, imepigwa kwenye Kipaimara cha mjukuu. Ila aliyepiga alishatuma kwa njia ya kawaida, akafuta halisi ili apate nafasi. Hapo huwezi kusema "ni picha tu".

Katika Yohane 6:12, baada ya umati kushiba, Yesu anawaagiza wanafunzi wakusanye vipande vilivyobaki, kisipotee kitu. Bwana aliyeweza kuzidisha mikate bado hakutaka mabaki yatupwe. Vijana, tujifunze hapo.

Sasa tufanyeje? Hizi hapa njia, chagua kulingana na hali:

Mkiwa pamoja. Usitumie bando kabisa. Mkiwa bado uwanjani kwa Paroko, tumieni Quick Share kwa simu za Android, AirDrop kwa iPhone, au Xender ambayo wengi mnayo. Simu zinaongea zenyewe kwa zenyewe, picha inakwenda kama ilivyo na hakuna senti inayotoka. Kwa picha za kamera kubwa, flashi au memori kadi bado ni rafiki mwaminifu.

Picha chache kwa WhatsApp. Bonyeza alama ya kiambatanisho, chagua Hati (kwenye simu ya Kiingereza ni Document), halafu chagua picha yako. Inakwenda bila kupunguzwa. Tangu 2022 WhatsApp inaruhusu faili la mpaka GB 2 kwa njia hiyo. Kuna pia kitufe cha HD kilicholetwa 2023. Kinasaidia, lakini bado kinabana kidogo. Ukitaka halisi, tumia Hati.

Picha nyingi. Weka kwenye folda moja ya Google Drive, kisha tuma linki. Akaunti ya bure ina GB 15, na kumbuka nafasi hiyo inagawanwa na barua pepe zako na Google Photos. Telegram nayo inapokea faili la mpaka GB 2 kwa akaunti ya kawaida, ila chagua kutuma kama faili. WeTransfer inafaa kwa kutuma mara moja, ila linki yake ina muda, ikiisha imeisha.

Barua pepe. Gmail inakubali kiambatanisho cha mpaka MB 25. Hiyo ni picha chache tu, basi. Itumie kwa picha ya pasipoti, usiitumie kwa albamu ya harusi.

Neno kuhusu zip: watu wanadhani uki-zip picha zitapungua uzito. JPEG tayari imebanwa, kwa hiyo zip haipunguzi kitu cha maana. Faida yake ni kufunga picha 50 ziwe mzigo mmoja ili zisipoteane njiani.

3. Deni la pili: heshima ya aliyemo ndani

Hapa tuwe makini, maana deni la kwanza na la pili linaweza kugongana. Picha halisi inabeba zaidi ya uso. Ndani ya faili kuna taarifa zilizojificha: tarehe, saa, aina ya simu, na kama umewasha sehemu ya mahali kwenye kamera, inabeba hata ramani ya pale ulipopigia. WhatsApp ikituma picha kwa njia ya kawaida inaziondoa taarifa hizo. Ukituma kama Hati, zinakwenda zote. Maana yake unaweza kutuma picha nzuri sana ya binti wa jirani akiwa barazani kwao, na ukawa umemkabidhi mtu usiyemjua mahali anapoishi.

Dawa yake ni rahisi. Ingia kwenye mipangilio ya kamera, zima kuhifadhi mahali. Fanya kabla ya sherehe, usisubiri baada.

La pili ni linki. Drive inakupa uchaguzi: wafungue watu uliowataja tu, au afungue yeyote mwenye linki. Huyo "yeyote" ni yeyote kweli. Linki ikitoka grupu la jumuiya ikaingia grupu la mtaa, huwezi kuirudisha. Kwa albamu ya harusi wanandoa wanaweza kuamua wenyewe. Kwa picha za watoto wa Komunyo ya Kwanza, taja watu, na baada ya mwezi mmoja funga. Pia weka ruhusa ya kuangalia tu, sio ya kuhariri, la sivyo mtu anafuta albamu nzima kwa bahati mbaya.

Watoto wana ulinzi wao. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mwenye umri chini ya miaka 18. Wengi wa wanaopata Kipaimara wamo humo. Tena Tanzania sasa tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na tume yake ya kuisimamia. Lakini Mkristo hasubiri sheria. Mathayo 7:12 inatosha: uwatendee wengine vile unavyopenda wakutendee. Kwa hiyo muulize: "Mama Neema, shikamoo. Nimempiga picha mwanao vizuri sana, naomba kuituma kwenye grupu la parokia, unaridhia?" Akisema hapana, ni hapana. Usimwambie anajifanya.

Na kuna picha ambazo hazitumwi hata kama ruhusa ipo. Mgonjwa akiwa hoi kitandani. Mwili kwenye ajali, kabla ndugu hawajapata habari. Dada aliyeanguka kwenye dansi sketi ikiwa imepanda. Hapo ubora wa picha unazidisha ubaya. Kumbuka kituo cha sita cha Njia ya Msalaba. Mapokeo yanatuambia Veronika alimwona Yesu ana damu, jasho na vumbi, akampangusa uso. Umati wote ulikuwa unatazama. Yeye peke yake alitoa kitambaa, na kwa mapokeo hayo yeye ndiye aliyebaki na sura ya Bwana. Siku hizi kwenye ajali tunatoa simu haraka kuliko kitambaa. Tubadilike.

4. Deni la tatu: upendo kwa anayepokea

Tupige tena hesabu. Sherehe moja, picha 200, kila moja MB 4. Jumla ni MB 800. Ukizimwaga zote kwenye grupu la watu 40, na simu zao zimewekwa kupakua zenyewe, mmetumia pamoja GB 32. Kati ya hao kuna kijana wa bodaboda aliyenunua bando la siku ili apokee oda. Kuna mwanafunzi anayesubiri matokeo. Asubuhi wanakuta bando limekwisha na simu inasema nafasi imejaa. Wewe ulidhani umewafurahisha.

Linki inatenda haki zaidi. Kila mmoja anafungua, anachagua zake tano, anapakua akiwa na uwezo. Kwa grupu, tuma picha tatu nne nyepesi za kuonjesha, halafu linki chini yake. Andika na ukubwa: "Picha 200, MB 800." Mtu ajue kabla. Na wewe unayepokea, zima kupakua kiotomatiki kwenye mipangilio ya WhatsApp. Mtoaji atoe kwa busara, mpokeaji naye apokee kwa busara.

Usichague ukubwa kwa kujionesha. Bibi anayetaka kumwona mjukuu kwenye simu ndogo anafaa kutumiwa ile nyepesi, tena leo. Steshenari inataka halisi. Busara, kama Mtakatifu Thomas anavyofundisha, ni kufikiri sawasawa juu ya jambo la kutenda hapa na sasa. Hakuna kanuni moja ya picha zote. Kuna swali moja: huyu anaihitaji kwa ajili ya nini?

5. Mfano wa kijana mwenzetu

Mtakatifu Carlo Acutis alizaliwa London mwaka 1991, akakulia Milano, akafariki kwa saratani ya damu tarehe 12 Oktoba 2006 akiwa na miaka 15. Papa Leo XIV alimtangaza kuwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025. Carlo alipenda kompyuta. Alikusanya habari na picha za miujiza ya Ekaristi, akaandaa maonesho na kuyaweka kwenye intaneti, na baadaye yakazunguka nchi nyingi. Angalia alichofanya: alikuwa na kifaa kama sisi, muda kama sisi, akauliza picha hizi zimpeleke nani kwa nani. Akazielekeza kwa Bwana. Luka 16:10 inatuambia kwamba mwaminifu katika lililo dogo huwa mwaminifu katika kubwa pia. Faili ni dogo. Uaminifu sio mdogo.

Maswali ya kutafakari

Moja, picha ya mwisho niliyoituma, aliyemo ndani anajua? Akijua atafurahi?

Mbili, kwenye simu yangu kuna picha za watu ambazo hawana wao wenyewe? Nasubiri nini kuwapa?

Tatu, kwenye grupu letu nani anaumia kimyakimya kwa bando tunalommalizia?

Nne, nikikuta ajali barabarani, mkono wangu unakimbilia nini kwanza?

Zoezi la wiki

Tafuta picha moja nzuri ya mzee wa familia yenu au wa jumuiya yenu, ile halisi, isiyobanwa. Ihifadhi sehemu mbili, kwa mfano kwenye simu na kwenye Drive au flashi. Kisha mpelekee mwenyewe au watoto wake kama Hati, pamoja na salamu. Ikiwezekana ichapishe. Usisubiri msiba.

Sala

Ee Mungu Baba, umetuumba kwa mfano wako na umeuweka mwanga wako katika nyuso zetu. Utujalie macho yanayoheshimu na mikono isiyokimbilia kurusha. Tutumiane yaliyo mema, kwa ukweli na kwa upendo, hata siku ile tutakapouona uso wako bila kivuli. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Mtakatifu Veronika na Mtakatifu Carlo Acutis, mtuombee.

Wiki njema, vijana. Tukutane kwenye somo lijalo, na mkiwa na swali liulizeni, tutalijadili pamoja.